Gari la ufunguo mmoja ni hasara inayongoja siku yake

Na Mwandishi Wetu

KWA mwekezaji mdogo wa Dar es Salaam, gari aina ya Toyota IST au Noah ni mtaji kama lilivyo duka. Anamkabidhi dereva, dereva analeta hesabu ya siku, na mwenye gari anajumlisha mapato kisha anatoa gharama zake: oili, matairi, bima na gereji. Katika orodha hiyo ni nadra kukuta mstari ulioandikwa "ufunguo". Mstari huo hujitokeza siku swichi inapogoma kuzunguka, gari limelala kando ya barabara, na fundi anasema hakuna njia ila kubadili swichi.

Swichi iliyotumika inatafutwa Shauri Moyo au Gerezani na kuletwa pamoja na ufunguo wake. Fundi anaifunga. Ufunguo unazunguka vizuri, starta inalia, lakini injini inashika kwa sekunde moja au mbili na kuzima, au haishiki kabisa. Fundi anarudia, mambo ni yale yale. Mwenye gari asipokuwa mwangalifu anaweza kuuziwa hata pampu ya mafuta asiyoihitaji, wakati gari lake halina ugonjwa wowote. Gari limekataa ufunguo usiolijua, na limefanya kazi ambayo liliundwa kuifanya.

Wiki hii ukurasa huu unaangalia gharama ya ufunguo baada ya swichi kubadilishwa: inatoka wapi, inaweza kupunguzwa vipi, na kwa nini mfanyabiashara wa magari anapaswa kuiweka katika hesabu kabla ya kununua gari na si baada ya kukwama.

BEI HAIPO KWENYE CHUMA

Zamani ufunguo wa gari ulikuwa kipande cha chuma tu. Aliyekuwa na mashine ya kuchonga aliutoa mwingine katika dakika chache, na bei yake haikumnyima mtu usingizi. Hali ilianza kubadilika mwaka 1986, kampuni ya General Motors ya Marekani ilipoweka kwenye Chevrolet Corvette ufunguo wenye kipande kidogo cha kupima umeme. Vipimo vilikuwa 15 tu, na gari lilikubali kimoja kati ya hivyo.

Mfumo uliofuata ndio unaotumika hadi leo. Ndani ya kichwa cha plastiki cha ufunguo mna chipu ndogo isiyo na betri. Kuzunguka tundu la swichi kuna koili ya waya. Ufunguo unapoingizwa na kuwashwa, koili inaipa chipu umeme kwa njia ya mawimbi, chipu inajibu kwa namba yake ya siri, na kompyuta ya gari inailinganisha na namba ilizohifadhi. Zikipatana injini inawaka. Zisipopatana, mafuta au moto wa plagi unakatwa. Mfumo huu mafundi wanauita imobilaiza.

Umoja wa Ulaya ulipitisha agizo mwaka 1995, na kuanzia Oktoba 1998 magari mapya ya abiria yaliyouzwa huko, Uingereza ikiwamo, yalilazimika kuwa na imobilaiza. Kwa hiyo anayeagiza gari la miaka ya karibuni kutoka Uingereza ajue mapema kuwa analeta gari lenye chipu. Magari ya soko la ndani la Japani, ambayo ndiyo mengi katika yadi za Dar es Salaam na Mombasa, hutofautiana. Yapo yenye mfumo huu na yapo yasiyo nao, hata ndani ya jina moja la gari. Dalili ya kwanza ni taa ndogo nyekundu kwenye dashibodi inayometameta gari likiwa limezimwa.

Jambo jingine linalowachanganya wanunuzi ni rimoti. Rimoti ya kufungua milango na chipu ya kuwasha injini ni vitu viwili, hata vikikaa katika kichwa kimoja cha ufunguo. Rimoti ina betri, chipu haina. Rimoti ikifa, gari bado litawaka. Chipu ikitoka, milango itafunguka lakini injini haitashika. Aidha, rimoti za magari ya Ulaya kwa kawaida hutumia masafa ya megahezi 433, na za Japani na Marekani yaliyo karibu na 315. Mfanyabiashara anayeagiza rimoti kwa kuangalia umbo lake tu anaweza kujikuta na mzigo usiofanya kazi.

SWICHI SI KITU KIMOJA

Neno "swichi" mtaani linabeba vitu vinne. Kuna silinda, yaani tundu la ufunguo lenye visahani vya shaba vinavyolingana na meno ya ufunguo. Nyuma yake kuna swichi yenyewe ya umeme, yenye waya. Kuna loki ya usukani. Na kuna koili ya imobilaiza inayozunguka tundu. Ukiongeza kompyuta ya gari, ambayo mafundi wanaiita kontroli boksi, unapata vitu vitano vinavyohusika na kuwaka kwa injini.

Swali la kwanza kwa fundi basi liwe hili: kilichokufa ni kipi? Katika magari mengi ya Toyota swichi ya umeme hufunguliwa peke yake kwa skrubu, bila kugusa silinda. Ikiwa ufunguo unazunguka kama kawaida lakini umeme unakatikakatika, huenda tatizo ni hapo. Kipuri hicho kikibadilishwa, ufunguo wa zamani unaendelea kutumika, na hakuna cha kusajili wala kuchonga. Anayeuziwa seti nzima kwa tatizo hilo amelipia vitu vinne kwa ugonjwa wa kimoja.

Kuna pia kesi ambayo silinda haina kosa. Ufunguo uliotumika miaka mingi meno yake hulika. Ukiingizwa, visahani havikai sawa na silinda inakataa kuzunguka. Wengi hukimbilia kuchonga nakala kutoka kwenye ufunguo huo huo uliolika, na nakala inazaliwa na ugonjwa wa mama yake. Dawa ni kuchonga kwa namba. Toyota mpya hutoka kiwandani na kibati kidogo chenye namba ya ufunguo, na fundi mwenye mashine inayosoma namba anaweza kutoa meno kama yalivyokuwa siku ya kwanza. Magari ya mtumba mengi hufika bila kibati hicho. Ukikikuta kwenye kitabu cha gari, kitunze pamoja na kadi ya gari, wala usikining'inize kwenye ufunguo wenyewe.

JIULIZE KWANZA SABABU

Ikithibitika kuwa silinda lazima iondoke, njia ya kufuata inategemea sababu. Hapa ndipo fedha nyingi hupotea, kwa kuwa mwenye gari humwachia fundi uamuzi ambao ni wake.

Ikiwa silinda imechakaa tu na funguo zote zipo mikononi mwako, njia rahisi ni kumwomba fundi funguo aifungue silinda mpya na kupanga visahani vyake vifuate ufunguo wa zamani. Ukifanya hivyo chipu ni ile ile, kompyuta haiguswi, na ufunguo mmoja unaendelea kufungua milango na kuwasha injini. Njia ya pili ni kuhamisha chipu kutoka kichwa cha ufunguo wa zamani kwenda cha ufunguo uliokuja na silinda. Hii inawezekana kwa funguo ambazo chipu yake hutoka, lakini utabaki na ufunguo mmoja wa milango na mwingine wa injini. Ya tatu ni kusajili chipu mpya kwenye kompyuta, ukiutumia ufunguo wa zamani kama kibali.

Ikiwa ufunguo umepotea au umeibwa, au dereva ameondoka nao kwa ugomvi, ushauri unageuka. Kupanga visahani vifuate ufunguo wa zamani ni kumkaribisha aliyenao. Meno lazima yabadilike, na zaidi ya hapo namba za chipu za zamani zifutwe kwenye kompyuta. Kazi ya kufuta ndiyo inayosahaulika. Mwenye gari anaona swichi mpya inang'aa anadhani yuko salama, kumbe nusu ya ufunguo wa yule mtu bado inatambuliwa na gari, na milango yenyewe bado inamfungukia.

Ikiwa hakuna ufunguo hata mmoja unaotambuliwa, hiyo ndiyo njia ghali. Katika baadhi ya Toyota mfumo unaweza kurudishwa mwanzo kwa kompyuta ya uchunguzi kupitia soketi iliyo chini ya dashibodi, kazi inayochukua kiasi cha dakika 16. Katika nyingine, hasa za zamani, kontroli boksi lazima ifunguliwe na kumbukumbu yake iandikwe upya, au inunuliwe nyingine pamoja na ufunguo wake. Kazi hiyo si ya kila fundi wa umeme wa magari, na anayeiweza anajua thamani yake.

Katika masomo ya uchumi hali hii huitwa mahitaji yasiyoyumbishwa na bei. Mwenye gari lililolala bila ufunguo hana nafasi ya kuzunguka mtaa akilinganisha bei. Gari haliendi kwa fundi, fundi ndiye anayeliendea gari, na kila siku inayopita hesabu hailetwi. Aliye na ufunguo wa pili mfukoni anaendesha hadi kwa mafundi watatu na kuchagua.

HESABU YA MFANO

Tufanye hesabu. Tarakimu zifuatazo ni za mfano tu, si bei za soko. Msomaji aweke zake kadiri atakavyozipata kwa fundi wake.

Tuseme gari linaleta sh. 30,000 kwa siku. Kusajili ufunguo wa pili wakati wa kwanza upo ni sh. 100,000. Kusajili wakati hakuna ufunguo wowote ni sh. 250,000. Brekidauni ni sh. 70,000, na gari linalala siku tatu likingoja fundi, yaani sh. 90,000 za hesabu. Asiye na ufunguo wa akiba akipoteza wa kwanza atatumia sh. 410,000. Mwenye ufunguo wa akiba ataendelea na kazi siku hiyo hiyo, na atasajili mwingine kwa sh. 100,000 akiwa na nafasi. Tofauti ni sh. 310,000.

Je, ufunguo wa akiba wa sh. 100,000 unalipa? Kwa tarakimu hizi, ukiugawa kwa sh. 310,000 unapata karibu theluthi moja. Maana yake, ufunguo wa akiba unalipa ikiwa uwezekano wa kupoteza ule wa kwanza katika muda wote utakaomiliki gari unazidi moja kwa tatu. Kwa anayeendesha gari lake mwenyewe na kulilaza nyumbani, mtu anaweza kubisha. Kwa gari linalobadilishana madereva, linalopelekwa kuoshwa na kulazwa yadi, ubishi unapungua.

Tena ufunguo wa akiba haupotei kwenye hesabu kama tairi lililoisha. Siku ya kuuza gari unakwenda nao. Ukifanikiwa kurudisha nusu tu ya gharama yake katika bei ya mauzo, gharama halisi inashuka hadi sh. 50,000, na uwezekano unaotakiwa unashuka hadi takriban moja kwa sita. Ni bima ambayo sehemu ya ada yake hurudi.

SOMO KUTOKA MAREKANI

Anayedhani haya ni mambo ya gereji ndogo tu atazame yaliyozipata kampuni kubwa. Mwaka 2014 General Motors iliyarudisha magari milioni 2.6 kwa sababu ya swichi dhaifu. Ufunguo uliweza kuteleza kutoka mahali pa kuwaka, injini ikazima gari likiwa mwendoni, na mifuko ya hewa ya usalama ikashindwa kufunguka. Mfuko wa fidia ulihusisha kasoro hiyo na vifo 124, na mwaka 2015 kampuni ilikubali kulipa dola milioni 900 kumaliza shauri la jinai.

Lenye manufaa kwa msomaji wetu ni namna matengenezo yalivyofanywa. Aprili 2014 kampuni iliongeza silinda katika vitu vya kubadilishwa, na mawakala walielekezwa kuchonga funguo mbili kwa kila gari na kuzisajili pale ilipohitajika. Walielekezwa kutoa mbili, si mmoja. Aliyelipia gharama ya mamilioni ya magari hakuona kazi ya swichi imekamilika kabla mteja hajakabidhiwa ufunguo wa akiba.

Upande wa pili ni wa Hyundai na Kia. Magari yao mengi ya muongo wa 2010 yaliuzwa Marekani bila imobilaiza. Taasisi ya takwimu za hasara za bima ya nchi hiyo ilieleza kuwa kwa magari ya mwaka 2015 ni asilimia 26 tu ya aina za kampuni hizo zilizokuwa nayo kama kifaa cha kawaida, ikilinganishwa na asilimia 96 kwa watengenezaji wengine. Kuanzia mwaka 2021 vijana walionyeshana kwenye mitandao namna ya kuyawasha bila ufunguo, wizi ukapanda, na Februari 2023 kampuni hizo zilitangaza programu ya kinga kwa magari yapatayo milioni 8.3. Mwaka huo huo zilikubali kulipa wamiliki fidia ya karibu dola milioni 200. Chipu inayomkera mwenye gari siku ya kubadili swichi ndiyo inayolilinda gari lake siku nyingine zote.

MNUNUZI AANGALIE NINI

Kwa anayenunua gari kwa mtu au kwa dalali, ukaguzi wa ufunguo hauchukui dakika kumi. Kwanza, ulizia funguo ziko ngapi, na jaribu kila mmoja kuwasha injini na kufungua mlango. Ufunguo unaofungua mlango lakini hauwashi, au unaowasha lakini haufungui, unasema swichi imewahi kubadilishwa. Hilo peke yake si kosa, lakini uliza kwa nini, na nani ana ufunguo wa zamani.

Pili, angalia kama kinga imeondolewa. Wapo mafundi ambao badala ya kusajili ufunguo mpya huibandika chipu ya zamani chini ya usukani, karibu na koili. Gari linawaka kwa ufunguo wowote wenye meno yanayolingana, na mwenye gari anafurahia unafuu bila kujua kuwa amebaki na ulinzi wa miaka ya sabini. Kipimo chepesi: funga kichwa cha ufunguo vizuri kwa karatasi ya aluminiamu ya jikoni, kisha washa. Ikiwa gari linatakiwa kuwa na imobilaiza na injini inashika bila wasiwasi, kuna jambo la kuuliza.

Tatu, gari likiwa na ufunguo mmoja, pata bei ya kusajili wa pili kabla ya kukubaliana, na itoe kwenye bei ya gari. Muuzaji akisema ni kitu kidogo, mwombe akitengeneze yeye. Nne, kumbuka bima kubwa: gari likiibwa, kampuni ya bima inaweza kukutaka ulete funguo zote, na maelezo ya ufunguo usioonekana hayaharakishi malipo.

KWA ANAYETAKA KUINGIA

Je, kazi ya funguo ni biashara ya kuwekea mtaji? Mahitaji yapo, kwa kuwa magari ya mtumba yanazeeka na swichi zake zinazeeka nayo. Lakini mtaji wake si mashine ya kuchonga peke yake. Kunahitajika kifaa cha kusajili, na kifaa hicho kinahitaji programu mpya kadiri magari mapya zaidi yanavyoingia. Kunahitajika akiba ya funguo tupu za maumbo mbalimbali, kama TOY43 kwa Toyota na NSN14 kwa Nissan, na akiba ya chipu kwa aina. Katika Toyota nyingi herufi G au H iliyopigwa kwenye shina la ufunguo hutaja aina ya chipu. Anayenunua akiba bila kujua magari gani yamejaa mtaani kwake atafungia mtaji kwenye droo.

Hatari nayo ipo. Betri ya gari ikishuka katikati ya usajili, kontroli boksi inaweza kuharibika, na mteja aliyekuja kwa ufunguo ataondoka akidai kompyuta. Fundi makini huunganisha chaja kabla ya kuanza. Kisha kuna hatari ya jina. Anayeweza kusajili ufunguo wa gari lolote anaweza pia kutumiwa na mwizi. Kwa hiyo kudai kadi ya gari na kitambulisho, na kuandika kila kazi kwenye daftari, si urasimu bali ni ulinzi wa biashara. Mteja naye amkwepe fundi asiyeuliza chochote, kwani kesho hatamuuliza chochote mtu mwingine atakayeleta gari hilo hilo.

Kwa ufupi, mwenye gari la biashara afanye mambo matatu kabla ya mwisho wa mwezi: ahesabu funguo zake, atafute bei ya wa pili kwa mafundi wasiopungua wawili wakati gari linatembea, na siku swichi itakapobadilishwa adai namba za zamani zifutwe mbele ya macho yake. Katika biashara ya hesabu ya siku, faida ya mwezi mzima inaweza kuondoka na kipande cha plastiki kinachoenea kiganjani.